Kikohozi cha msimu wa salfa: nini hasa kinamsumbua mwanafunzi wako?

Shule za msingi zinapofunguliwa Julai, Mtwara na Lindi huwa tumo katikati ya msimu wetu wenyewe. Mvua zimekatika, kusi inavuma, asubuhi ina baridi na umande mzito, na mikorosho kuanzia Tandahimba na Newala mpaka Ruangwa, Nachingwea na Liwale inachanua. Mashine za kupulizia salfa, unga wa njano wa kukinga mikorosho na ukungu, zinaunguruma mashambani kabla jua halijatoka. Wakati huohuo madarasa yanajaa chafya, vikohozi na macho mekundu, na mwalimu wa darasa akiuliza kwa nini mtoto fulani hakuja jana, jibu ni lilelile: "Mwalimu, salfa imemkamata kifua."

Jibu hilo lina ukweli, ila tumelibebesha na yasiyo yake. Chini ya salfa tumefukia mafua ya kawaida, mzio, pumu ambayo haijawahi kupimwa, homa ya mapafu, malaria, na mara nyingine kifua kikuu. Kila kimoja kina dawa yake na kila kimoja kina haraka yake. Mwenye mafua atapona hata akipewa maji ya uvuguvugu tu. Mwenye pumu anaweza kuishiwa pumzi usiku huohuo. Nimeandika haya kwa ajili ya wazazi, walezi, walimu na kamati za shule, ili tunapofungua muhula huu wa pili tusimtibu mtoto kwa kubahatisha.

Salfa inafanya nini mwilini

Salfa ya mikorosho ni madini ya njano yaliyosagwa mpaka yakawa unga laini sana. Kazi yake ni kuzuia ubwiri unga, ule ukungu mweupe unaokamata majani machanga na maua, ua likanyauka bila kufunga korosho. Ugonjwa huo uligundulika kwenye mikorosho ya Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970, na tangu hapo kilimo cha kusini hakijaachana na salfa. Siandiki hapa kumwambia mtu aache kupulizia. Korosho ndiyo inayonunua sare na madaftari, ndiyo inayoezeka nyumba. Mkulima akikosa maua Julai, mwanafunzi atakosa viatu Januari.

Salfa haifanani na dawa za kuulia wadudu. Haiendi kwenye mishipa ya fahamu kama zifanyavyo baadhi ya hizo. Inachofanya ni kukereketa. Unga ukikutana na unyevu wa jicho, wa pua au wa koo, unachoma na kuwasha. Ukikaa kwenye ngozi yenye jasho, ngozi inakuwa nyekundu. Mtu mzima asiye na tatizo la kifua atakohoa, atatokwa machozi, kisha atatulia akishaoga na kupata hewa safi. Mtoto ana njia za hewa nyembamba, na anapumua haraka kuliko sisi. Akiwa na pumu, unga kidogo tu unatosha kuzifanya njia hizo zijikaze.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha matokeo kuhusu watoto wa miaka 7 wa Bonde la Salinas huko Marekani, ambako mashamba mengi hupuliziwa salfa. Kadiri salfa ilivyotumika kwa wingi ndani ya kilomita moja kutoka nyumbani kwao, ndivyo mapafu yao yalivyoonekana kuwa dhaifu kusukuma hewa, na ndivyo walivyohitaji zaidi dawa za pumu. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba salfa ndiyo iliyowapa pumu. Unaonyesha kwamba mambo hayo mawili yanakwenda pamoja. Lakini wale watoto walikuwa wanaishi jirani na mashamba. Wetu wanapita katikati yake kila asubuhi.

Hapo ndipo penye fundo lenyewe. Wataalamu wa kilimo hushauri salfa ipulizwe alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande bado uko kwenye majani, ili unga ushike mti badala ya kupeperuka. Kwa mkorosho ushauri huo ni sahihi kabisa. Ila alfajiri hiyohiyo, saa kumi na mbili, ndipo mtoto wa darasa la tatu anapokuwa njiani kuwahi namba mstarini. Shule nyingi za vijijini zimezungukwa na mikorosho, na nyingine zina mikorosho yao wenyewe. Mtoto anafika na unga wa njano kwenye nywele na kwenye kola ya shati, anakaa na sare hiyo mpaka mchana, na kila anapojifuta jasho anausogeza unga kwenye macho.

Kisha anashika ufagio. Sipendi hata kidogo namna tunavyofagia madarasa yetu. Watoto wa zamu wanaingia asubuhi, sakafu imekauka, madirisha yamefungwa tangu jana, na fagio za chelewa zinainua wingu ambalo halitatua mpaka kipindi cha kwanza kianze. Ndani ya wingu hilo mna salfa iliyoingia na viatu vya jana, vumbi la chaki, na udongo mwekundu wa uwandani. Kunyunyiza maji kidogo kwa mkono kabla ya kufagia, kufungua madirisha yote, na kufagia jioni baada ya masomo badala ya asubuhi, kungepunguza sehemu ya chafya tunazozisikia bila kununua kitu chochote. Uwanda wa Makonde una shida ya maji, najua; ndoo ndogo moja inatosha madarasa mawili.

Wako pia wanaolaumu maua ya mikorosho yenyewe. Chavua ya mkorosho inanata, na hubebwa zaidi na nyuki na wadudu wengine kuliko upepo, kwa hiyo si ya kushtakiwa kwanza. Moshi wa kuni katika jiko lililofungwa kwa sababu ya baridi una hatia kubwa zaidi. Vivyo hivyo virusi vya mafua, ambavyo havihitaji zaidi ya darasa lililojaa na madirisha yaliyofungwa.

Anza na homa

Kama utakumbuka jambo moja katika yote haya, likumbuke hili: salfa haileti homa. Mzio hauleti homa. Ukimshika mtoto shingoni ukakuta mwili ni wa moto, acha kusema salfa, tafuta kitu kingine.

Kitu cha kwanza cha kutafuta kwetu ni malaria. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, Mtwara ilikuwa miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi zaidi nchini: takriban asilimia 20 ya watoto wa chini ya miaka mitano waliopimwa walikuwa nayo, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 8. Kiangazi kinatudanganya. Mvua zikikatika tunadhani mbu wamekwisha, tunaacha kushusha chandarua kwa sababu usiku ni wa baridi na mtu amejifunika gubigubi. Mtoto mwenye malaria anaweza kukohoa pia, na mtoto mwenye mafua anaweza kuwa na malaria kwa wakati mmoja, hivyo kikohozi hakiondoi haja ya kipimo. Kipimo cha haraka cha zahanati kinahitaji tone la damu la kidoleni na dakika zisizofika nusu saa. Usimpe mseto, dawa ya malaria, kabla ya kupima, na kipimo kikionyesha hana malaria, usimpe "kwa tahadhari".

Mikoa yetu miwili, pamoja na Ruvuma, ndiyo iliyoanza mpango wa kugawa vyandarua kupitia shule mwaka 2013. Chandarua kikifika nyumbani kwenye begi la mwanafunzi ni cha kulaliwa na watu, mwaka mzima, Julai ikiwemo.

Jambo la pili ni homa ya mapafu, na hapa ndugu wadogo wa mwanafunzi wako kwenye hatari kubwa kuliko yeye. Mafua anayoyaleta mwanafunzi nyumbani yanaweza kushuka kifuani kwa mtoto wa mwaka mmoja. Namna ya kuigundua haihitaji kifaa. Mpakate mtoto akiwa ametulia, hajatoka kulia wala kunyonya. Pandisha nguo mpaka uone tumbo na mbavu. Washa saa ya simu, kisha hesabu kila tumbo linapopanda, kwa dakika nzima; usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, maana watoto hupumua kwa vipindi. Mtoto wa chini ya miezi miwili akifika pumzi 60, wa miezi miwili mpaka mwaka akifika 50, wa mwaka mmoja mpaka mitano akifika 40, hiyo ni pumzi ya haraka na anatakiwa zahanati siku hiyohiyo. Ukiona sehemu ya chini ya mbavu inabonyea ndani kila anapovuta hewa, au ameshindwa kunyonya, au analegea, usisubiri kupambazuke.

Wasio na homa

Mafua ya kawaida hutangulia na koo kuwasha, kisha kamasi jepesi linalogeuka zito, pengine na joto dogo la siku moja mbili. Yanakwisha ndani ya siku saba mpaka kumi, ingawa kikohozi kinaweza kubaki nyuma kwa wiki mbili tatu. Kamasi la kijani si dalili kwamba anahitaji dawa kali. Wazazi wengi hukimbilia dukani kununua dawa ya rangi mbili, yaani antibayotiki, na wauzaji wengine huigawa vidonge vitano vitano kama peremende. Dawa hiyo haiui virusi. Kinachobaki ni bakteria walioizoea, na siku mtoto atakapopata homa ya mapafu ya kweli dawa inakuwa haina nguvu tena. Mpe vinywaji vya moto, mpe asali kama amezidi mwaka mmoja, msafishe pua, mpumzishe. Hayo yanatosha.

Mkereketo wa salfa unajulikana kwa saa zake. Unaanza dakika chache baada ya mtoto kupita penye unga, unashika macho na koo kwa pamoja, na unapungua akishaoga na kubadili nguo. Siku ambayo hakuna anayepulizia, hakuna kikohozi. Mzio wa pua unafanana nao, ila unajulikana kwa kuwasha: mtoto anasugua pua kwa kiganja akielekea juu mpaka mstari unabaki puani, anapiga chafya mfululizo, kamasi ni kama maji, na hali hiyo inaendelea wiki nyingi huku anacheza na kula kama kawaida.

Pumu ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa sababu ndiyo inayofichwa zaidi. Familia nyingi hazitaki kulisikia jina hilo; wanasema mtoto ana "kifua" au "kifua cha baridi", wakidhani pumu ni ugonjwa wa aibu au wa kuambukiza. Si wa kuambukiza. Dalili zake ni kikohozi kinachokuja usiku wa manane au alfajiri, kifua kinachotoa sauti ya filimbi, mtoto anayekaa pembeni wakati wenzake wanakimbia, na mambo hayo kurudi kila mwaka msimu kama huu. Ukiona mtoto amepewa dawa ya rangi mbili mara tatu kwa "kifua" kilekile na kila mara kinarudi, mwombe daktari amchunguze pumu kwa jina lake.

Njia rahisi ya kumsaidia daktari ni kuandika. Chukua karatasi za mwisho za daftari lililokwisha, andika tarehe mtoto alipokohoa usiku, na tarehe jirani alipopulizia shamba. Baada ya wiki tatu ukimpelekea tabibu karatasi hiyo, umempa kitu ambacho kipimo cha damu hakiwezi kumpa.

Kikohozi kilichozidi wiki mbili bila kukatika kinataka kuchunguzwa kifua kikuu, hasa kama nyumbani kuna mtu mzima anayekohoa pia, au mtoto anapungua uzito. Vipimo na dawa zake ni bure katika vituo vya serikali.

Macho

Januari 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulienea Dar es Salaam na mikoa mingine mpaka Wizara ya Afya ikatoa tahadhari. Tangu wakati huo jicho jekundu shuleni linaleta hofu, na watoto wanarudishwa nyumbani makundi makundi. Si kila jicho jekundu linaambukiza.

Jicho la virusi huanza upande mmoja, likahamia la pili baada ya siku moja mbili. Lina tongotongo, ukope unavimba, na nyumbani au darasani kuna wengine wenye hali hiyohiyo. Mtoto huyo abaki nyumbani mpaka macho yatulie, awe na taulo yake, anawe mikono mara kwa mara. Jicho la mzio linawasha kuliko linavyouma, yote mawili kwa pamoja, machozi ni maangavu. Huyu anaweza kwenda shule. Jicho lililoingiwa salfa linachoma papo hapo, na kinachotakiwa ni maji mengi safi: mlaze mtoto kichwa upande, fungua ukope kwa vidole, mimina maji taratibu kutoka kwenye kikombe kuanzia upande wa pua kwenda nje, kwa dakika kumi na tano. Ni muda mrefu kuliko tunavyodhani. Asisugue. Jicho likiendelea kuuma, au mwanga unamsumbua, au anaona ukungu, apelekwe hospitali siku hiyo.

Kuna jambo moja linalotokea kimyakimya na linapofusha watoto. Mtoto mwenye mzio wa macho ananunuliwa matone dukani. Matone yana dawa ya jamii ya deksamethasoni, yaani steroidi, na siku ya pili macho yamekuwa meupe, mzazi anafurahi. Mwaka unaofuata anarudia, na mwingine, bila daktari. Matone ya namna hiyo yakitumika muda mrefu bila usimamizi hupandisha presha ya jicho na huleta mtoto wa jicho. Yanaandikwa na daktari wa macho, yanatumika kwa siku alizozitaja yeye. Soma kichupa kabla hujalipa, na usipoelewa kilichoandikwa, muulize muuzaji kama yana steroidi ndani. Maziwa ya mama, mkojo na maji ya majani yasiingie kwenye jicho la mtoto kwa sababu yoyote. Kidonda cha kioo cha jicho huanzia hapo.

Pampu na chupa ya nusu lita

Mtoto aliyegundulika kuwa na pumu hupewa pampu ya salbutamol, ile ya bluu, ya kufungua kifua kikibana. Wengine huandikiwa na ya pili ya kuvuta kila siku hata akiwa mzima, ili kifua kisibane kabisa. Hiyo ya pili ndiyo inayoachwa haraka, kwa sababu mzazi haoni faida yake siku hiyohiyo. Kama mtoto wako ameandikiwa, msimu wa salfa si wakati wa kuipumzisha.

Tatizo la pampu kwa watoto ni kwamba wengi hawawezi kuibonyeza na kuvuta hewa kwa wakati mmoja. Dawa inaishia ulimini. Hospitali kubwa zina chombo maalumu cha kuwekwa kati ya pampu na mdomo, ila vijijini hakipatikani. Watafiti wa Afrika Kusini walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita hufanya kazi hiyo vizuri kama chombo cha kununua. Chukua chupa ya maji ya kunywa, ioshe kwa maji ya sabuni, iache ikauke yenyewe bila kuifuta kwa kitambaa. Pinda waya upate umbo la mdomo wa pampu, uchome motoni, utoboe kwa waya huo kitako cha chupa. Tundu liwe la kubana, pampu ikiingia isicheze. Penye mwanya zungushia gundi ya karatasi. Mtoto anaweka midomo kwenye mdomo wa chupa, anaufunika wote, mzazi anatikisa pampu, anabonyeza mara moja, mtoto anavuta na kutoa pumzi tano ndani ya chupa. Kisha unatikisa tena na kubonyeza tena, kwa idadi aliyoandikiwa. Ukibonyeza mara nne mfululizo kabla hajavuta, dawa nyingi inaganda kwenye plastiki.

Mwalimu wa zamu anapaswa kujua dalili za hatari: mtoto hawezi kumaliza sentensi moja bila kuvuta hewa, midomo inageuka rangi, shingo na mbavu zinabonyea, au pampu haijaleta nafuu. Hapo akalishwe, asilazwe, aendelee kuvuta pampu huku bodaboda au gari linatafutwa, na mtu mzima aende naye.

Yanayoweza kupangwa kijijini

Sehemu hii ndiyo ninayoiamini kuliko zote, kwa sababu haidai fedha. Salfa hurudiwa kila baada ya wiki mbili hivi kwa mizunguko kadhaa. Mashamba yanayopakana na shule si mengi. Katika kijiji kimoja yanaweza kuwa ya kaya chache tu. Kamati ya shule, mwenyekiti wa kijiji na afisa ugani wakikaa na kaya hizo mwezi Juni, wanaweza kukubaliana kwamba mashamba hayo yapuliziwe Jumamosi na Jumapili, na yale ya kando ya njia kuu ya watoto yapuliziwe mapema kiasi cha unga kutua kabla ya saa kumi na mbili. Mkulima hapotezi mzunguko wake.

Mipango ya namna hii huvunjika mahali pamoja. Mwenye shamba mara nyingi siye anayepulizia. Anakodi vijana wenye mashine, nao wanatoka shamba hili kwenda lile wakilipwa kwa hesabu ya miti. Kijana huyo hakuwa kwenye kikao. Kwa hiyo wenye mashine waitwe kwenye kikao kwa majina, na tangazo libandikwe pia kwenye ghala la chama cha msingi wanakochukulia pembejeo, maana kila mkulima atafika hapo.

Tangazo la shule lenyewe liwe fupi, la kusomeka na bibi anayelea wajukuu. Linaweza kuwa hivi: "Wazazi na walezi, mashamba yanayozunguka shule yatapuliziwa Jumamosi na Jumapili hii kuanzia alfajiri. Siku hizo msianike sare nje, na mfunike maji ya kunywa. Mtoto mwenye pumu aje Jumatatu na pampu yake, iwe imeandikwa jina. Mwenye homa asiletwe shule, apelekwe zahanati." Likisomwa mstarini Ijumaa na kunakiliwa kwenye daftari la kila mtoto, litafika.

Nyumbani kazi ni ndogo ndogo. Mtoto anayepita mashambani avae kofia au ajitande leso puani; haizuii yote, inapunguza. Akirudi, sare ivuliwe nje ya chumba cha kulala, aoge kichwa na mwili. Penye shida ya maji, kibuyu chirizi mlangoni kinatosha kunawa uso na mikono kabla hajaanza kujisugua, na shule nayo ikiwa na viwili karibu na madarasa itakuwa imewakinga watoto na macho na kuhara pia. Mifuko mitupu ya salfa isigeuzwe kirago cha kukalia, begi la shule wala pazia. Unga hautoki wote hata ukiifua.

Mtoto asipelekwe kupulizia. Si kubeba mfuko, si kumulika tochi alfajiri, si kujaza mashine. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtumikisha mtoto kazi zenye madhara, na hii ni mojawapo. Upo pia msimu wa dawa za maji zinazopigwa kwa ajili ya mbu wa mikorosho, mdudu anayeshambulia mikorosho, si mbu wa malaria, na hizo ni sumu zaidi kuliko salfa. Mtoto aliyekuwa karibu nazo akianza kutapika, kutokwa mate mengi, kutetemeka au kulegea, mvue nguo, mwoshe, mkimbize hospitali, na uende na chupa ya dawa ili daktari asome jina lake.

Darasa la saba wana hesabu yao peke yao. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika Septemba, na wiki za marudio zinaangukia kipindi hikihiki cha vifua. Mwenye pumu atajulikana kwa mwalimu mkuu kabla ya Agosti kwisha, ili siku ya mtihani wasimamizi waelezwe mapema kwamba mtahiniwa huyo ana pampu na chupa yake, na kwamba vikae naye juu ya dawati.